Staa Kushika Grisi Sio Kufulia, Aibu ni Kuongeza Mziki Gari Likilia

Wiki hii kuna staa mmoja wa Bongo Fleva kaitikisa Insta, na safari hii sio kwa sababu ya demu wala wimbo mpya. Kaweka video akiwa nyumbani kwake, kavaa bukta na fulana iliyochoka, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Kakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anarudishia gololi moja moja kwenye CV jointi ya gari lake. Hakuna saa ya dhahabu, hakuna miwani. Nyuma yake kigari kidogo kimenyanyuliwa mbele, tairi moja limelazwa chini.

Basi watu wakaanza. Kafulia huyo. Ile ndinga kubwa kashauza. Hana hata hela ya fundi. Mrembo mmoja maarufu, ambaye mjini wanamjua kwa picha za kuegemea magari ya watu, akadondosha vikatuni vya kucheka, na mashabiki wake wakamfuata nyuma na mapovu. Wengine wakasema ni kiki tu, jamaa ana ngoma inakuja.

Inawezekana kabisa ni kiki. Wasanii wa mjini hata kupiga chafya wanaita kamera. Lakini kiki au sio kiki, jamaa kafanya kitu ambacho wengi wanaomcheka hawathubutu. Kakubali mbele ya watu kwamba gari lake lilikuwa linalia.

Unafiki uwekwe pembeni kidogo. Simama jioni kwenye kona yoyote ya mtaa wa vumbi pale Dar, iwe Mbagala au Goba, sikiliza magari yanavyoingia getini. Usukani ukikunjwa mpaka mwisho, unasikia ka-ka-ka-ka. Na dereva anafanyaje? Anaongeza mziki. Anapandisha vioo. Kama kampakia mtu wa kumvutia, ndo kabisa anajifanya kiziwi. Miezi inakatika, gari linalia, mziki unapanda.

Kwa asiyejua mlio unakotoka, ni hivi. Magari mengi madogo ya mjini, kama IST na Vitz, yanavutwa na matairi ya mbele. Kila tairi la mbele lina shafti inayoleta nguvu kutoka kwenye giaboksi. Sasa tairi hilo lina kazi mbili kwa pamoja: linazunguka na linakata kona. Shafti iliyonyooka tu isingeweza kulifuata, ndo maana kwenye ncha yake kuna jointi. Ile ya nje, upande wa tairi, kwa kawaida ina kikombe cha chuma, ndani yake kiini chenye mifereji, kizimba chenye madirisha sita, na gololi sita. Hizo gololi ndo zinazofanya tairi lizunguke kwa mwendo ule ule hata likiwa limekunjwa. Aliyebuni mfumo huo ni Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, miaka ya 1920. Kwa hiyo anayeshika kile kikombe hajashika uchafu, kashika akili ya mtu.

Na kinachoiua jointi mara nyingi sio uzee, ni raba yake, ile mafundi wanayoiita buti. Raba ikichanika, shafti ikizunguka inairusha grisi yote nje, mchanga na maji ya madimbwi yanaingia. Mchanga ukichanganyika na grisi ni msasa, unasaga gololi na mifereji taratibu. Dalili ya kwanza haiji hata kwa mlio. Ni grisi nyeusi iliyotapakaa upande wa ndani wa rimu. Ukiwahi hapo, unafungua, unasafisha, unaweka grisi na raba mpya, maisha yanaendelea. Ukisubiri mpaka ilie, jiandae kununua jointi. Ukiendelea kuongeza mziki, kuna siku itaachia kwenye makutano, injini inanguruma na gari haliendi, daladala nyuma yako zinakupigia honi. Hapo utajua nani kafulia.

Haki yake jamaa apewe. Alivyofungua, vipande alivipanga kwenye gazeti kwa utaratibu na kuviwekea alama, ili kila gololi irudi ilikotoka. Kiini na kizimba vina upande wake, ukivigeuza tu, kazi imeharibika. Akakiinamisha kiini pamoja na kizimba mpaka dirisha moja likatokeza nje, akaingiza gololi, akainamisha upande mwingine, akaingiza nyingine. Ya mwisho ilimgomea mara tatu. Hakuipiga nyundo. Alishusha pumzi, akaanza upya. Hicho kipande peke yake kina somo kuliko nusu ya video za mafanikio zinazozunguka mtandaoni, maana gololi ikigoma ujue umekosea mpangilio, haihitaji hasira.

Grisi nayo alitumia ile nyeusi yenye molibdenamu inayokuja kwenye paketi moja na raba, sio ile ya kopo ya kupaka bawaba za geti. Saklipi ya zamani akaitupa, akaweka mpya. Jointi ilipoingia kwenye shafti akaivuta kwa nguvu kuhakikisha imeshika. Safi.

Lakini kuna mahali anastahili kusemwa, na sio pale walipomsema.

Tazama ile video tena. Gari limesimama juu ya jeki tupu. Hakuna stendi, hakuna hata gogo. Na kuna sekunde kadhaa jamaa kaingiza kichwa na bega chini ya gari akihangaika kurudisha shafti. Jeki imewekwa kwa ajili ya kunyanyua, sio kushikilia gari mtu akiwa chini yake. Inaweza kushuka, inaweza kuteleza, na gari halina msamaha. Kingine, ile nati kubwa ya katikati ya tairi aliikaza kwa kukanyaga spana mpaka aliporidhika mwenyewe. Nati ile ndo inayobana shafti na beringi. Ina kipimo chake kwa kila gari, inakazwa kwa spana maalumu ya kupimia, na lazima ifungwe isije ikajifungua barabarani. Na kwenye gari nyingi shafti ikichomoka, oili ya giaboksi nayo inamwagika. Jamaa hakuonyesha kama aliijaza tena. Hizo ndo sehemu ambazo fundi anastahili hela yake, na kumuita sio udhaifu.

Sasa shuka kwenye maoni ya watu. Mamia kwa mamia yanahesabu bukta yake, mikono yake, gari lake dogo. Katikati ya lundo hilo kuna kijana mmoja anayejitambulisha kama fundi kaandika kwa heshima tu: kaka, weka stendi, jeki huwa inashuka. Kapata vimoyo vinne. Vikatuni vya yule mrembo vimepata maelfu.

Hapo ndo penye maumivu. Watu wote wale waliona mtu kachafuka, ila mmoja tu ndo aliona mtu anaweza kufa. Na huyo mmoja ni yule yule ambaye mjini wanamcheka kila siku kwa kunuka oili. Ukimcheka staa kwa kushika grisi, umewacheka vijana wote wa Gerezani na Ilala wanaolala njaa na kushiba kwa kazi hiyo, halafu kesho gari likizima unawaita fundi, njoo haraka.

Mjini kuna ugonjwa wa kuogopa kuonekana huna kuliko kuogopa kuumia. Ndo huo unaomfanya mtu alipe laki za mziki kwenye gari ambalo jointi yake imebaki chuma kwa chuma. Staa yule kakosea mambo mawili matatu, lakini ugonjwa huo kaupona.

Kwa hiyo kabla hujaandika kafulia, fanya kitu kimoja. Tafuta uwanja usio na watu, zima mziki, shusha vioo, kunja usukani mpaka mwisho na uondoke taratibu. Sikiliza. Ukisikia ka-ka-ka, rudi kwenye ile video ukampe kijana wa stendi kimoyo chake cha tano, halafu mtafute fundi.

Wewe mdau gari lako linasemaje? Funguka hapo chini, matusi hapana.