Ukongwe wa Kikoa Haupandishi Tovuti

Imani kwamba Google huipa tovuti nafasi ya juu katika matokeo ya utafutaji kwa sababu tu ilisajiliwa zamani ni imani potofu, na wanaoumizwa nayo zaidi ni wanaoanza. Muongoza watalii wa Karatu anayefungua tovuti yake leo huaminishwa kwamba hawezi kuonekana mbele ya kampuni kubwa za Arusha zilizomtangulia kwa miaka mingi, na kwamba dawa yake ni kununua kikoa kikongwe, yaani jina la anwani ya tovuti ambalo mwenyewe wa awali ameacha kulilipia.

Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na maombi ya hataza, yaani haki ya kulinda uvumbuzi, ambayo Google iliyawasilisha mwaka 2003, yakiitaja tarehe ya usajili miongoni mwa mambo mengi ambayo mfumo ungeweza kuyapima. Watu wakayasoma kana kwamba ni kanuni inayotumika. Hata hivyo, Matt Cutts wa kampuni hiyo alieleza mwaka 2010 kwamba kati ya kikoa cha miezi sita na cha mwaka mmoja hakuna tofauti kubwa, na mwaka 2019 mwenzake, John Mueller, akatamka wazi kwamba umri wa kikoa hausaidii chochote.

Ni kweli kwamba tovuti nyingi zinazoongoza ni kongwe, lakini kinachozipandisha ni kurasa zenye manufaa pamoja na viungo, yaani njia ambazo tovuti nyingine huweka ili kuwaelekeza wasomaji huko, na vyote hivyo hukusanywa kwa kazi ya miaka. Kikoa kilichosajiliwa mwaka 2004 kikaachwa kitupu hakina cha kushindania.

Mgeni anayetafuta habari za kreta ya Ngorongoro haulizi tovuti ina umri gani. Anataka kujua kwamba magari hushukia njia ya Seneto na kupandia ya Lerai, kwamba ukingoni, takriban mita 600 juu ya sakafu ya kreta, alfajiri huwa na baridi kali hata kama mchana kutakuwa na jua, na kwamba anayetaka kufuatana na wawindaji wa Kihadzabe karibu na Ziwa Eyasi hana budi kuondoka Karatu kabla ya mapambazuko. Dereva wa Karatu anayajua hayo kuliko mwandishi yeyote wa kukodiwa aliye ng'ambo, na ni hasara kubwa kwamba ujuzi huo hauandikwi.

Tena, tangu Machi 2024 kanuni za Google zinahesabu kuwa ni udanganyifu kununua kikoa kilichoisha muda na kukijaza maandishi hafifu ili kunufaika na sifa zake za zamani, na tovuti ya namna hiyo yaweza kushushwa au kuondolewa kabisa katika matokeo. Kwa hiyo mwenye kampuni changa asajili jina jipya bila hofu, na fedha ambazo angemlipa muuza vikoa azitumie kuandika, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni wake, yale anayoyajua kuhusu njia anazozipita kila siku.