Barabara ikikatika Somanga, kwa nini mizigo isiletwe kwa ndege?

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Kusini pale Somanga, Kilwa, malori yalikwama siku kadhaa. Swali likasikika hadi Msimbati: Mtwara tuna uwanja wa ndege, kwa nini mizigo isiletwe kwa ndege?

Ndege ya kazi hiyo ipo. Inaitwa L-100, nayo ni ile C-130 Hercules ya jeshi la Marekani iliyovuliwa magwanda ikapewa kazi ya kiraia. Ina injini nne za pangaboi na mlango wa nyuma unaoshuka hadi chini, na inatua hata kwenye uwanja wa changarawe. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1964.

Tanzania iliiona mapema. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru. Zambia, iliyopitisha mizigo yake huko kwa reli, ikabanwa. Kuanzia 1966 kampuni ya Zambian Air Cargoes ikatumia L-100 kubeba shaba hadi Dar es Salaam na kurudi na mafuta.

Sasa msikilizaji, tupige hesabu. L-100 hubeba takriban tani 20. Zambia ilizalisha shaba takriban tani 600,000 kwa mwaka. Kuibeba yote kwa ndege ni safari 30,000, zaidi ya 80 kila siku! Ndiyo maana bomba la mafuta la TAZAMA likafunguliwa 1968, na TAZARA ikafuata 1976. Ndege zilinunua muda tu.

Kwetu hesabu ni hiyo hiyo. Tani 20 ni mifuko 400 ya saruji. Semitrela moja hubeba 600, na haichomi mafuta ya injini nne. Bei ya mfuko huo ukishuka uwanjani, nani angeununua?

Ndege hizi zinalipa pale ambapo kuchelewa ni kifo. Kutoka Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, Hercules zilidondosha chakula kusini mwa Sudan kwa miaka mingi, kwa sababu barabara za kupitika zilikuwa chache mno. Sisi tunayo ya kuzunguka Tunduru, Songea na Makambako, ingawa ni ndefu mno. Kwa dawa na damu ya hospitali, ndege ni sawa. Kwa mchele na mabati, mbunge wako muulize habari za madaraja ya Somanga kabla masika hayajaanza.