Mjukuu Wangu Hasikii: Barua ya Wazi kwa Afisa Elimu wa Wilaya

Ndugu Afisa Elimu,

Shikamoo uliyonipa siku ile mlangoni kwako niliipokea, nami nikakuitikia marahaba kwa moyo mkunjufu. Ukaniambia, "Mwalimu, hili niachie mimi." Nikakuachia. Leo nakuandikia mahali ambapo kila mtu anasoma, kwa sababu masjala yako nimeshaijua. Barua inagongwa muhuri wa "Imepokelewa" kwa kishindo, halafu kimya.

Mambo yenyewe yamo kwenye jalada, sitayarudia yote. Nakukumbusha cheti tu. Daktari wa masikio aliandika kwa mwandiko unaosomeka, jambo ambalo kwa madaktari ni adimu, kwamba sikio la kushoto la mjukuu wangu limetoboka kwa usaha wa miaka mingi, kwa hiyo akae dawati la mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio zima limwelekee mwalimu. Shuleni nikaambiwa mtoto mwenye mahitaji maalumu hahamishwi bila maelekezo ya wilaya. Sawa, nikaja wilayani. Kutoka dawati lake hadi la mbele ni hatua tisa, nimezihesabu mwenyewe. Cheti kilikaa kwako wiki sita kikisubiri dokezo la kuruhusu hatua tisa.

Wiki ya saba, kipindi cha Hisabati, mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya darasa. Akamwita mara tatu. Mtoto hakugeuka. "Huyu hasikii kabisa!" akasema mwalimu, na kofi likatua sikio la kulia, lile lililokuwa likifanya kazi ya mawili.

Alisema kweli bila kujua. Kwetu mtoto mkaidi hasikii, na mtoto mwenye ngoma ya sikio iliyotoboka naye hasikii. Neno ni hilo hilo. Kujua ni lipi kati ya hayo mawili ndiyo kazi ya ualimu, na karatasi ya kumsaidia yule mwalimu kijana kujua ilikuwa imelala ofisini kwako.

Sasa nikuambie kilichotokea baada ya hapo, maana hili halimo kwenye jalada. Mjukuu wangu alikuwa mtoto wa "eeh?". Kila ukimwambia jambo, "Eeh, bibi? Umesemaje?" Alikuwa akinichosha, nakiri. Tangu siku ya kofi hajasema "eeh" hata mara moja. Anaitikia. "Ndiyo, bibi." Umekula? Ndiyo, bibi, na ugali uko sufuriani vile vile. Daftari la Sayansi liko wapi? Ndiyo, bibi. Amejifunza kwamba kuuliza kunaleta kofi na kuitikia kunaleta amani, basi anaitikia kila mdomo anaouona ukicheza. Jumamosi iliyopita tulikuwa barabarani, nikamwambia ngoja, bodaboda inakuja. "Ndiyo, bibi," akavuka. Aliyemwokoa ni kijana wa watu na breki zake, si mimi wala wewe.

Nauli za hospitali ya mkoa nimezilipa kwa pensheni. Upimaji wa darasa la nne uko mlangoni. Hayo yatapita. Lakini "ndiyo, bibi" ninaisikia usiku nikiwa nimelala.

Jibu lako kuhusu kofi lile lilifika baada ya mwezi na siku nne. Mwalimu ameonywa kwa mdomo, na mlezi "anashauriwa kumjenga mtoto katika maadili ya utii." Nilivua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Utii! Ndugu yangu, huyu sasa anatii hata asichokisikia. Kama wilaya ilikuwa inatafuta mwanafunzi wa kuonyeshwa wageni, imempata.

Usinifikirie bibi wa mjini asiyejua darasa. Nilianza kufundisha mwaka 1983, nikastaafu 2019. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002 na watoto wakafurika, nilikuwa na darasa la kwanza la watoto 140, nusu yao wamekaa sakafuni. Na nilichapa. Niliwahi kumchapa mtoto kila asubuhi wiki nzima kwa kusinzia, na Ijumaa ndipo mwenzake akaniambia kwamba huyo anauza maandazi stendi kabla ya shule, anaamka saa tisa usiku. Mtoto mwenyewe hakuniambia. Nilikuwa nimemfundisha kutoniambia. Kwa hiyo yule mwalimu simwiti mnyama, na sitaki apelekwe Tume ya Utumishi wa Walimu ili ofisi yako ipate mtu wa kubebeshwa mzigo. Ana watoto 118 katika chumba kimoja, wakati kiwango chenu wenyewe ni 45 kwa mwalimu mmoja.

Kanuni hata hivyo unazifahamu kuliko mimi, ni za chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Viboko visizidi vinne. Achape mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi. Fimbo iwe nyepesi, ipige mkononi au matakoni juu ya nguo, si mahali pengine. Uzito wa kosa, umri na afya ya mtoto viangaliwe, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Afya, Ndugu Afisa! Neno hilo limo. Kofi la sikio halimo popote. Niliomba kukiona kitabu cha adhabu cha shule. Kilikuwa safi, hakina hata doa la wino, na mwalimu wa zamu alikuwa amekishika mkono mmoja, fimbo ya mpera mkono wa pili. Wathibiti ubora wakipita hapo huandika nini?

Kuna karatasi nyingine waliniachia niione, na hii ndiyo nataka uitazame. Ni ile ya "Wapiga Kelele." Unaikumbuka, hata wewe uliwahi kuandikwa. Monita anararua ukurasa wa katikati ya daftari, anaandika majina, na anayeendelea kuongea anawekewa alama za kujumlisha mbele ya jina. Mjukuu wangu alikuwa na alama saba. Saba! Mwalimu aliiona ile safu akajua huyu ni sugu. Mimi nikamwita yule msichana anayekaa naye dawati moja, nikamuuliza huwa mnaongea nini. Akasema, "Ananiuliza mwalimu amesema ukurasa wa ngapi." Alama saba za ukurasa wa ngapi. Mwaka mzima karatasi zile zilikuwa zinaeleza kwamba huyu mtoto hasikii, zikaishia kuwashia jiko la uji.

Mtoto anayeongea na jirani, anayechelewa kugeuka, anayenakili vibaya, anayecheka wenzake wakiwa wameshanyamaza, anakuonyesha kitu. Anaweza kuwa mtundu, wapo, nimewafundisha, na wengine leo ni madiwani. Lakini kabla ya mkono kunyanyuka kuna vitu vya kufanya hata katika watoto 118, na havihitaji semina yenye posho. Unamsogelea. Unashusha sauti badala ya kuipandisha, darasa linajikuta linanyamaza ili likusikie. Unamwita jina ukiwa mbele yake, unahesabu mpaka tano kimoyomoyo. Mtundu unampa kazi ya kugawa madaftari. Mimi haya niliyajua nikiwa na miaka kumi na tano kazini, kwa sababu chuoni tulifundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, na namna ya kutuliza darasa tulijifunza kwa kuangalia wakubwa zetu, nao walikuwa na fimbo.

Naona hasira inanipeleka mbali, lakini acha inipeleke. Wakenya walifuta viboko shuleni mwaka 2001, na shule zao hazijaanguka. Sisi Agosti 2018 tulimpoteza mwanafunzi wa darasa la tano Bukoba, aliyekufa baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa mkoba. Tulipiga kelele wiki mbili, kisha tukarudi kwenye vitabu vya adhabu visivyoandikwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 tunaisoma Juni 16 kwenye maturubai, tarehe 17 maturubai yanarudishwa. Kila mmoja wetu, kuanzia mwalimu wa zamu hadi wizarani, anaitikia "ndiyo" kwa jambo ambalo hakulisikia.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Mjukuu wangu ahamishwe dawati wiki hii, kwa maandishi, na walimu wote wa darasa lake wasomewe cheti. Uniambie kwa tarehe na kwa cheo cheti kilikaa kwa nani wiki zile sita. Watoto wa darasa la kwanza wapimwe masikio na macho kabla mtu hajaamua nani mkaidi. Na hizo karatasi za wapiga kelele, kama lazima ziandikwe, basi mwalimu azisome kabla hazijaenda jikoni.

Daktari anasema tundu la kofi mara nyingi hujiziba lenyewe kwa wiki kadhaa au miezi. La kulia hili lina wiki ya kumi na moja, bado linavuja.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye benchi la masjala yako, nimekuja naye. Cheti kingine nimetoa nakala, kile cha kwanza mnacho. Ukitoka kumsalimia, usimwite kutoka mlangoni. Njoo mbele yake auone mdomo wako, na useme taratibu. Akikuitikia upesi mno, rudia.

Wako,
Mwalimu mstaafu na mlezi wa mtoto