Baiskeli ya kuegemea imefaa safari ndefu, barabara je?

MWENDESHA baiskeli anayetoka Kansanga alfajiri kuelekea Jinja ana kilomita zipatazo 80 mbele yake. Ataishika Barabara ya Ggaba kupitia Kabalagala, atafute Barabara ya Jinja, kisha apite Mukono, Lugazi na Msitu wa Mabira kabla ya kuuona Mto Nile. Akitaka kufika Busia, mpakani na Kenya, safari inakaribia kilomita 200.

Miguu ya mtu aliyezoea mazoezi inaweza kuumudu umbali huo. Kinachogoma mapema ni sehemu nyingine za mwili: viganja vinavyokufa ganzi, shingo inayokaza, kiuno kinachouma na makalio yaliyochoka kubanwa na kiti chembamba. Wapo wanaoacha safari ndefu kwa sababu hiyo tu, ilhali pumzi na nguvu bado wanazo.

Katika nchi nyingine, baadhi ya watu wa namna hiyo hawaachi kuendesha. Hubadili chombo. Huiweka kando baiskeli ya kawaida na kuhamia baiskeli ya kuegemea, ambayo ina kiti kipana chenye mgongo, mfano wa kiti cha uvivu cha barazani. Mwendeshaji huketi ameegama, miguu imenyooshwa mbele kwenye pedali, na mikono hushika usukani bila kubeba uzito wa mwili. Zipo za magurudumu mawili na za magurudumu matatu.

Je, mkazi wa Kansanga anayependa safari ndefu afanye mabadiliko hayo? Kwa upande wa mwili, jibu ni ndiyo. Kwa upande wa barabara, jibu halimo mikononi mwake, na hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la mtu mmoja na kuwa la Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tuanze na mwili. Kwenye baiskeli ya kawaida, uzito hugawanywa sehemu tatu ndogo: makalio, viganja na nyayo. Baada ya saa nne au tano, mishipa ya fahamu inayopita kiganjani hulalamika, na ganzi huanza kwenye vidole. Kwenye kiti cha kuegemea, uzito husambaa mgongoni na makalioni. Shingo hukaa ilivyozoea kukaa, na macho hutazama mbele bila kuinuliwa kwa nguvu.

Faida ya pili ni upepo. Kwenye tambarare, mwendo ukizidi kilomita 25 kwa saa, nguvu nyingi ya mwendeshaji huishia kusukuma hewa. Mwili ulioegama hukutana na hewa kidogo kuliko ulioketi wima. Jambo hilo lilithibitishwa zamani. Julai 7, 1933 mjini Paris, Francis Faure, Mfaransa ambaye hakuwa nyota mkubwa, alitumia baiskeli ya kuegemea iliyoundwa na Charles Mochet, akapata kilomita 45.055 ndani ya saa moja. Rekodi iliyokuwapo, kilomita 44.247, ilikuwa ya Oscar Egg wa Uswisi tangu mwaka 1914.

Mwaka uliofuata, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, liliweka kanuni mpya kuhusu umbo la baiskeli ya mashindano, na chombo cha Mochet kikabaki nje. Ni shirikisho hilohilo ambalo mashindano yake ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Vijana wa ukanda huu waliojipanga kando ya barabara za Kigali waliona umbo moja tu la baiskeli. Ni vyema wajue kwamba umbo hilo linalindwa na kanuni za mchezo, na kwamba mtu asiyeshindana hafungwi nazo.

Hata hivyo, baiskeli ya kuegemea ina gharama zake, na mwenye kuitaka azifahamu kabla ya kutoa fedha. Kwanza, mlimani ni nzito. Kwenye baiskeli ya kawaida mtu husimama juu ya pedali na kuongeza uzito wa mwili wake. Aliyeegama hana nafasi hiyo. Hutegemea gia nyepesi na subira. Kampala ni mji wa vilima, na Kansanga yenyewe iko chini ya Muyenga. Misuli nayo huhitaji wiki kadhaa kuzoea mkao mpya, hivyo anayenunua leo asipange safari ya Busia Jumamosi ijayo.

Pili, mashimo na matuta. Mwendeshaji wa kawaida hujiinua kidogo kwenye kiti na kuacha magoti yameze mshtuko. Aliyeegama hupokea kila kitu mgongoni, kwa hiyo hulazimika kupunguza mwendo mapema. Tatu, bei. Baiskeli mpya ya aina hii katika nchi za Ulaya na Marekani mara nyingi hupita dola 2,000, kabla ya nauli na ushuru. Hiyo ni fedha ya kununulia pikipiki ya bodaboda na chenji ikabaki.

Gharama ya nne ndiyo inayotisha zaidi: kuonekana. Kati ya Kabalagala na Kansanga, teksi husimama ghafla kushusha abiria, bodaboda hupenya pande zote mbili, na malori ya mchanga na matofali hayana subira. Baiskeli za magurudumu matatu zilizo chini sana humweka mwendeshaji usawa wa tairi la lori. Watetezi wa chombo hiki husema, na si bila sababu, kwamba madereva hukipa nafasi kubwa kitu wasichokizoea, na kwamba anayeanguka kutoka kiti cha chini haangukii kichwa. Bendera ndefu, taa za mchana na vioo viwili husaidia pia. Lakini bendera haimzuii dereva aliyeamua kulipita gari jingine mahali pasipo na nafasi.

Baadhi ya watu watasema hiki ni chombo cha anasa cha Wazungu wastaafu, na kwamba Afrika Mashariki ina matatizo mengine ya kushughulikia. Wanaosema hivyo hawajasimama Busia wakatazama.

Busia ni mji ambao jina la bodaboda linahusishwa nao, kutokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya Uganda na Kenya kabla pikipiki hazijatawala. Hapo hapo, kwa miaka mingi, watu wenye ulemavu wa miguu wamevusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazosukumwa kwa mikono. Mwendeshaji huketi chini, mgongo umeegemea kiti, mnyororo ukizungushwa kwa pedali zilizo mbele ya kifua, na nyuma kuna nafasi ya magunia. Vyombo kama hivyo huonekana pia mpakani kati ya Goma nchini Kongo na Gisenyi nchini Rwanda.

Hiyo ni baiskeli ya kuegemea. Haikuletwa na mtalii. Iliundwa kwa sababu mtu alihitaji kula, na imepita kwenye vumbi, matope na foleni za forodha ambazo hakuna fundi wa Paris aliyezifikiria. Nchini Kenya, karakana za Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo, APDK, zimekuwa zikitengeneza vyombo vya aina hiyo. Kampala nako mafundi wa kuchomelea hawakosekani. Katwe inajulikana Uganda nzima kwa watu wanaoweza kutazama mashine mara moja na kuunda ya kwao.

Kwa hiyo mkazi wa Kansanga anayetaka kubadili baiskeli ana njia nyingine mbali na kuagiza kutoka ng'ambo. Fremu ya bomba la chuma inaweza kuchomelewa hapa. Gurudumu la mbele la inchi 20 linalotumika kwenye nyingi ya baiskeli hizi linakaribiana na lile la baiskeli za watoto, ingawa vipimo vya rimu hutofautiana na fundi hana budi kuvihakiki kabla ya kukata bomba. Mnyororo mrefu hupatikana kwa kuunganisha miwili au mitatu ya kawaida. Kazi ngumu ni kupanga urefu wa kiti ufuate urefu wa miguu, na kuhakikisha mnyororo haukwaruzi gurudumu la mbele. Wenye uzoefu wa kutatua mambo hayo ni wale wanaotengeneza na kuendesha vyombo vya magurudumu matatu. Mpenda michezo wa Kansanga akae nao, awalipe kwa utaalamu wao, na ajifunze.

Ukanda huu hauna historia ya kuogopa kazi hiyo. Tanzania iliwahi kuwa na baiskeli zake za Swala. Watu wa Goma walichonga chukudu kwa mbao kulingana na miteremko yao. Kinachohitajika ni mawaziri wa fedha wa Jumuiya, wanapokutana kupitia viwango vya ushuru wa pamoja kabla ya bajeti, kuangalia vipuri ambavyo hatuvitengenezi, kama vile gia, minyororo na vitovu vya magurudumu, kwa jicho la kumsaidia fundi. Orodha ya kimataifa ya forodha inaweka baiskeli kwenye kifungu 8712 na vyombo vya watu wenye ulemavu kwenye kifungu 8713. Kipuri kilekile hutumika kwenye vyombo vyote viwili, na fundi wa Katwe hukinunua kabla hajajua kitamfaa mteja yupi.

Linabaki suala la barabara, na hapa fundi hawezi kusaidia. Uganda ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2012, ikiahidi kuwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli watafikiriwa barabara zinapojengwa. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, ilianza kwa mfano katika Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum. Ni mwanzo mzuri. Lakini mfano huo haujafika Barabara ya Ggaba, ambako maelfu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala huishi na kusomea Kansanga, na wengi wao wangeweza kwenda darasani kwa baiskeli kama wazazi wao wasingehofia kupigiwa simu usiku.

Nje ya jiji hali ni nzito zaidi. Ushoroba wa Kaskazini, unaotoka Mombasa kupitia Malaba na Busia hadi Kampala na kwingineko, ndio uti wa mgongo wa biashara ya Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inatoa uhuru wa watu na bidhaa kuvuka mipaka. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa Februari 2018 ili kupunguza muda wa kusubiri. Mwenye lori amenufaika. Anayepedali gunia la mahindi kwa mikono yake, ambaye kwa sheria ni mfanyabiashara wa kikanda kama mwingine yeyote, akishatoka kwenye geti la forodha hurudi kwenye ukingo wa lami uliomomonyoka, huku matela yakimpita kwa kishindo.

Serikali ya Uganda ina mpango wa muda mrefu wa kujenga barabara ya mwendokasi kati ya Kampala na Jinja. Barabara za aina hiyo kwa kawaida haziruhusu baiskeli, na hilo linaeleweka. Basi barabara ya zamani, itakapopunguziwa malori, ipewe ukingo wa lami ulio imara pande zote mbili na uliotengwa kwa mstari unaoheshimiwa, kutoka Kampala hadi Busia. Kenya ifanye vivyo hivyo kutoka Busia kwenda Kisumu. Hilo likiandikwa kwenye michoro mapema, ni nyongeza ndogo kwenye gharama ya mradi. Likisahauliwa, itabidi lami ivunjwe upya.

Kuna waendesha baiskeli ambao tayari hufanya safari za kupita nchi za Jumuiya, ikiwamo misafara ya Tour d'EAC inayotangaza umoja wa Afrika Mashariki. Huvuka mipaka wakipeperusha bendera na kupokewa na viongozi. Ingefaa viongozi hao, baada ya kupiga picha, wawaulize waendeshaji ni wapi njiani walilazimika kushuka lami na kuingia majanini.

Mtu wa Kansanga mwenye mgongo unaouma asisubiri hayo yote. Aanze na safari fupi asubuhi ya Jumapili kuelekea Bunga na Ggaba, magari yanapokuwa machache. Achague kiti kisicho chini mno, afunge vioo na taa, na asione aibu kupanda Muyenga polepole. Akifika Busia siku moja, atakuta watu waliomtangulia kwa miaka mingi kwenye kiti cha namna hiyo. Hao hawakuwa na hiari ya kuchagua chombo, na wao ndio wanaostahili kuulizwa kwanza barabara iweje.