Anayedai Ndiye Amlipe Mwamuzi?

Hebu nieleze jambo hili polepole, maana kila nikilieleza chumba cha habari watu wanadhani natania. Mkandarasi hajalipwa. Amejenga, mhandisi mshauri amepima, hati ya malipo imesainiwa, fedha hazijaingia. Mkataba unamwambia asikimbilie mahakamani kwa sababu kuna mwamuzi, mtu wa fani ya ujenzi ambaye atasikiliza na kutoa uamuzi haraka. Vizuri kabisa. Mkandarasi anakwenda kwa mwamuzi kulalamika kwamba hana fedha. Na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni ankara.

Usicheke. Ndivyo ilivyoandikwa.

Chukua mikataba ya FIDIC, lile shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Ndiyo inayotumika kwenye miradi mikubwa ya barabara na maji, hasa ikiwa na fedha za wafadhili. Kitabu Chekundu cha mwaka 1999 kinataka mradi uwe na bodi ya migogoro ya mtu mmoja au watatu tangu mwanzo wa kazi. Wajumbe wanalipwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ada ya kila mwezi, wenyewe wanaiita ritena, mimi nitaiita ada ya kusubiri. Ya pili ni ada ya siku, kwa kila siku ya kutembelea eneo la kazi, kusikiliza mashauri, kuandaa uamuzi, na hata kusafiri, mpaka siku mbili kwenda na mbili kurudi. Tiketi za ndege na hoteli ziko pembeni.

Wengi wakisikia ada ya kusubiri wanawaka: mtu analipwa bila kufanya kitu? Hapana. Ada hiyo inanunua utayari wa kufika kwa taarifa ya siku 28, inanunua kusoma ripoti za maendeleo na kutunza mafaili, na inafidia gharama za ofisi yake. Mjumbe anayeujua mradi tangu msingi unachimbwa hahitaji miezi mitatu ya kufundishwa mgogoro ulianzia wapi. Bodi inatembelea kazi angalau mara moja kila siku 140, na mara nyingine ugomvi unaishia hapohapo kwenye vumbi, kabla mwanasheria hajafungua kompyuta. Kazi ikikabidhiwa yote, ada hiyo inashuka kwa nusu. Kwa hiyo sina ugomvi na ada ya kusubiri. Mwenye mradi anayeifuta kwenye mkataba eti anabana matumizi, halafu mgogoro ukiibuka anaanza kutafuta mwamuzi na kubishana miezi kadhaa kuhusu jina lake, hajabana chochote.

Ugomvi wangu ni mfuko inakotoka. Mkataba unasema pande mbili zinachangia nusu kwa nusu. Inasikika kama haki, sivyo? Soma sasa utaratibu. Mjumbe anapeleka ankara kwa mkandarasi. Mkandarasi anailipa YOTE ndani ya siku 56. Kisha anaingiza nusu ya mwenye mradi kwenye madai yake ya malipo, arudishiwe. Arudishiwe na nani? Na yuleyule ambaye hajamlipa, kupitia hati zilezile ambazo zimekwama mezani! Deni limezaa mtoto. Na mjumbe asipopata fedha yake siku 70 baada ya kupeleka ankara anaruhusiwa kusimamisha huduma bila taarifa, au kujiuzulu. Mwenye mradi aliyekwama kulipa anapata zawadi: bodi ambayo ingemhukumu imelala. Toleo jipya la 2017 lilibadili mengi, lakini mkandarasi bado ndiye anayetanguliza.

Makampuni makubwa ya nje yanajua mchezo huu. Yanapachika gharama hiyo ndani ya bei za zabuni na maisha yanaendelea. Yule wa chini afanye nini?

Kwenye kazi ndogo hakuna bodi wala ada ya mwezi. Nyaraka za zabuni zilizozoeleka kwetu, ambazo zimechotwa kwenye mfano wa Benki ya Dunia, zinamweka mwamuzi mmoja anayelipwa kwa saa pamoja na gharama zake, na anatakiwa kutoa uamuzi kwa maandishi ndani ya siku 28. Halafu kuna maneno ambayo ningependa yabandikwe ukutani kwa kila anayeandika mikataba: gharama zitagawanywa sawa kwa sawa, VYOVYOTE uamuzi utakavyokuwa.

Tupige hesabu, na hizi ni namba zangu za mfano tu. Mkandarasi wa daraja la sita amejenga vyumba vya madarasa, anadai sh. milioni 30. Mwamuzi anatoza sh. 150,000 kwa saa. Kusoma nyaraka, kusikiliza, kutembelea jengo, kuandika, tuseme saa 50. Hiyo ni sh. milioni 7.5, weka nauli na malazi ifike milioni 8. Nusu yake ni milioni 4. Ameshinda, mwamuzi kasema alikuwa na haki tangu siku ya kwanza, na bado anaacha milioni 4 mezani. Nenda kwenye deni la milioni 6 uone, atalipa milioni 4 ili apate 6, kama atalipwa. Kwa hiyo haendi. Anamnyenyekea mhasibu, anakopa kwa mwenye duka la saruji, vibarua wanamkimbiza. Na halmashauri inajua kwamba haendi.

Hapa huwa naambiwa, "Kijana, nusu kwa nusu inalinda uhuru wa mwamuzi, asionekane amenunuliwa." Nakubali kwamba asilipwe na upande mmoja kimya kimya, na malipo yake yasitegemee nani ameshinda. Lakini kulipwa na pande zote mwanzoni ni jambo moja, na nani abebe mzigo mwishoni ni jambo jingine. Uingereza wameyatenganisha. Sheria yao ya ujenzi ya 1996, iliyoanza kutumika Mei 1998, ilimpa kila mwenye mkataba wa ujenzi haki ya kwenda kwa mwamuzi wakati wowote. Kanuni zilizoambatana nayo zinasema mwamuzi anastahili ada ya kiasi cha haki, pande zote mbili zinawajibika kwake kwa pamoja na kila mmoja peke yake, na yeye anaamua nani abebe kiasi gani. Kwa kawaida aliyeshindwa ndiye anayebeba.

Na wajanja walijaribu kuichezea. Wakaandika kwenye mikataba kwamba anayeanzisha shauri atalipa gharama za pande zote mbili, ashinde asishinde. Mwaka 2000, kwenye kesi ya Bridgeway dhidi ya Tolent, mahakama ilikubali kifungu cha aina hiyo. Haki ipo kwenye sheria, mlango umefungwa kwa bei! Ilichukua mpaka Oktoba 2011, marekebisho ya sheria yalipoanza kufanya kazi, kuviwekea vifungu hivyo mipaka. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ikaenda mbali zaidi: kwenye kesi ya Harrington na Systech ilisema mwamuzi aliyetoa uamuzi usioweza kutekelezwa, kwa sababu hakusikiliza utetezi wa upande mmoja, hastahili ada. Na tangu 2020 wana utaratibu maalumu wa madai yasiyozidi pauni 50,000, ambapo ada ya mwamuzi ina kikomo kinachojulikana kabla hujaanza.

Kwetu haki hii inaishi ndani ya mkataba, na mkataba unaandikwa na mwenye fedha. Ndiyo maana sitaki kusikia kwamba tusubiri sheria mpya. Baraza la Taifa la Ujenzi lipo tangu 1979 na kazi ya migogoro ya ujenzi inalihusu. Mamlaka ya ununuzi ndiyo inayotoa nyaraka za zabuni. Vifungu vya kubadilisha havijazi ukurasa. Fedha ya mwamuzi itengwe na mwenye mradi kwenye jedwali la gharama tangu siku ya zabuni, kama inavyotengwa ya vipimo vya zege. Mwamuzi aliyemkuta mwenye mradi na deni lisilobishaniwa aruhusiwe kumbebesha ada yote. Na madai madogo yawekewe kikomo cha ada, asilimia fulani ya kinachodaiwa, ili mwenye vyumba vya madarasa ajue kabla hajaandika barua atatoka na shilingi ngapi.

Bado nasubiri ofisa mmoja aniambie ni kifungu gani kati ya hivyo kinachohitaji Bunge.