Mabwawa ya topesumu yapimwe mtikisiko, na majirani waambiwe

Septemba 10, 2016 ardhi ilitikisika Kagera. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba. Mtikisiko ulisikika hadi Uganda, Rwanda na Kenya. Mutukula haukuulizwa pasipoti.

Kusini mwa Ziwa Victoria hilohilo iko migodi mikubwa ya dhahabu, na migodi ya namna hiyo huhifadhi topesumu nyuma ya kuta za udongo. Je, kuta hizo hutikisikaje?

Kulijua si miujiza. Kifaa kimoja cha kurekodi mtikisiko hufungwa kwenye mwamba chini ya ukuta, kingine juu kabisa, kisha rekodi hulinganishwa. Mara nyingi juu huyumba kuliko chini, kama mnazi kwenye upepo. Kila ukuta una kasi yake ya kuyumba, na tetemeko likija na kasi hiyo, mtikisiko huongezeka sana. Kasi hiyo yaweza kujulikana hata pasipo tetemeko, kwa kupima mitikisiko midogo ya upepo na malori ya mgodi. Kifaa kingine hupima shinikizo la maji ndani ya udongo, na hicho kisisahaulike: mchanga uliolowa ukitikiswa hupoteza nguvu, ukatiririka kama uji.

Chile ilijifunza kwa machungu. Machi 28, 1965 tetemeko lilibomoa mabwawa ya mgodi wa El Cobre, zaidi ya watu 200 wakafa. Baadaye ikapiga marufuku kuinua ukuta kwa kuupandisha juu ya tope lenyewe, ujenzi unaopendwa kwa urahisi wa bei.

Muuza dagaa wa Sirari yanamhusu nini? Februari 2025 bwawa la mgodi wa shaba karibu na Kitwe, Zambia, lilibomoka bila tetemeko lolote. Tindikali ikaingia Mto Kafue, samaki wakafa, Kitwe ikakatiwa maji. Mama lishe wa mjini hakuwa na hisa mgodini, lakini hasara aliipata.

Rekodi za mitikisiko zikibaki kabatini mgodini hazimsaidii mtu wa ng'ambo ya pili. Nchi za Jumuiya zivilazimishe vipimo hivyo kisheria, na taarifa zipelekwe Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu. Ukuta ukitikisika kupita kiasi, anayenunua samaki Mwanza kwa soko la Busia azipate habari siku hiyohiyo, si wiki inayofuata kwa uvumi wa madereva.