Waandishi wa Hollywood waligoma siku 148, sisi tunalipwa "asante"

Mei 1, 2023, Siku ya Wafanyakazi, vijana zaidi ya 150 walikutana hapa Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Ni wale waliokuwa wakichuja uchafu wa Facebook, TikTok na ChatGPT ili wewe ukifungua simu usitapike. Kesho yake, Mei 2, waandishi kama 11,500 wa filamu na vipindi vya TV kule Marekani wakaweka kalamu chini.

Mbogi mbili, bahari katikati, hofu karibu ileile. Huku Nairobi kuna waliokuwa wamelipwa chini ya dola 2 kwa saa kufunza akili unde isiongee matusi. Kule Los Angeles na New York, waandishi waliogopa akili unde hiyohiyo isije ikawanyang'anya unga.

Sisi tukisikia chama cha wafanyakazi tunafikiria walimu na madaktari, vipenga mdomoni na matawi mkononi. Lakini kazi kubwa ya chama cha waandishi wa Marekani, WGA, haina kelele. Kinaweka bei ya chini kabisa: studio iliyotia saini haiwezi kumlipa mwandishi chini ya hapo, hata kama ametoka shule jana. Kikisikia watu wanazozana kuhusu jina la nani litokee kwenye filamu, waandishi wenzao husoma miswada yote na kutoa uamuzi. Bosi hana neno la mwisho hapo. Mgomo wa mwaka wa 1960 nao ndio uliowaletea pensheni, bima ya afya na mgao filamu zao zinapouzwa kwa TV. Kwa hivyo kazi ikirudiwa, mwenye kuiandika anapata chake hata kama amelala.

Kisha Netflix na wenzake wakaja, na ule mgao wa marudio ukaanza kukauka. Hilo ndilo hasa liliwatoa barabarani mwaka wa 2023. Waligoma hadi Septemba 27. Na si eti ilikuwa raha. Madereva, wapishi na washonaji wa mavazi ya filamu walikaa nyumbani bila pesa kwa vita ambavyo havikuwa vyao. Lakini waandishi walirudi na kitu mkononi: kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kutumia akili unde, mashine haiwezi kuandikwa kama mwandishi, na kipindi kikitazamwa na asilimia 20 ya wateja wa Marekani katika siku 90 za kwanza, mwandishi anaongezwa pesa.

Sasa turudi mtaani. Niliandikia jamaa wa chaneli moja ya YouTube vipande sita vya vichekesho. Tulipatana 2,000 kwa kipande. Nikapata 5,000 kwa jumla na ahadi kwamba "jina lako litajulikana". Jina lenyewe halikuwekwa. Ningeshtaki wapi? KUJ kipo, lakini hicho ni chama cha wanahabari, na mimi naandika vichekesho.

Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Noma iko kwenye neno mfanyakazi. Sheria ya vyama ya 2007 inazungumzia aliyeajiriwa, na wengi wetu tunaandika kwa makubaliano ya WhatsApp na kutumiwa M-Pesa. Mwandishi wa Hollywood alikubali studio imiliki hakimiliki ya mswada wake, naye akahesabiwa kama mwajiriwa, na uajiri huo ndio unaompa nguvu ya kujadiliana kupitia chama. Sisi tunapeana mswada wote, haki zote, na uajiri hatupati. Kwa maoni yangu huo ndio wizi mkubwa zaidi, kuliko hata ile 7,000 ninayodai.

Najua mtaniambia: ukigoma Nairobi, kuna msee mwingine atachukua hiyo kazi kwa 500. Kweli. Hata Hollywood wapo. Ndiyo maana WGA inawakataza wanachama wake kuandikia kampuni ambayo haijatia saini mkataba. Lakini hawakuanzia kwa kugoma, walianza kwa kukubaliana.

Katika kundi la WhatsApp la waandishi nililomo, watu hutumiana mzaha, kazi za ukarani na picha za harusi. Mtu akiuliza mwenzake analipwa ngapi kwa mswada wa dakika kumi, kimya. Bei tunaificha kana kwamba ni ugonjwa, na mteja anajua tunaificha. Basi naanza mimi: kutoka mwezi huu mswada wa dakika kumi ni 4,000, nusu inaingia kabla sijaandika neno la kwanza, na jina langu linaonekana kwenye video. Wewe unatoza ngapi?